Piramidi ya Watu: Tuisome Wenyewe



Katika ofisi nyingi za serikali na katika vituo vya afya unaweza kuona ukutani mchoro mmoja unaofanana na kichuguu. Chini ni mpana, juu umechongoka, na katikati umepasuliwa na mstari wima. Wasomi huuita piramidi ya watu. Watoto wetu wa sekondari hufundishwa mchoro huo katika jiografia, hupata maksi zao, halafu husahau. Sisi tuliokomea shule ya msingi hatukufundishwa, na kwa hiyo unapowekwa mezani tunanyamaza na kumwachia mwenye tai aueleze.

Jambo hilo si dogo. Katika mazungumzo ya mkataba, kiwandani na katika mashamba ya chai, tumesikia zaidi ya mara moja maneno haya: "Nchi hii ni ya vijana. Nje ya geti wapo mia wanaongoja kazi. Asiyetosheka na mshahara aende." Mwajiri asemaye hivyo amesoma piramidi, tena amesoma kipande anachokitaka. Namba zake si za uongo. Ila ameishia getini, hakuingia ndani ya nyumba ya mfanyakazi.

Basi tuanze na namna mchoro unavyojengwa. Chukua kijiti, chora mstari wima mchangani. Kushoto ni wanaume, kulia ni wanawake. Ngazi ya chini kabisa ni watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 4. Juu yake wa 5 hadi 9, kisha 10 hadi 14, na kuendelea hivyo kwa miaka mitano mitano mpaka wazee wa 80 na zaidi. Urefu wa ngazi, kwenda kushoto au kulia, ndio wingi wa watu wa umri huo. Afadhali kuandika wangapi katika kila mia kuliko kuandika idadi ya vichwa, maana kwa njia hiyo kijiji cha watu 800 kinaweza kulinganishwa na nchi nzima. Kazi yote ya ufundi imekwisha hapo. Iliyobaki ni kusoma.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2024 ndio uliotumiwa na Ofisi ya Takwimu ya Uganda kuhesabu watu wa nchi hii, na hesabu ikafika milioni 45.9. Karibu nusu yao hawajatimiza miaka 18. Waliofika 60 na kupita ni kama watano tu katika kila mia. Ndiyo sababu kichuguu chetu kina kitako kipana hivyo na kilele kama sindano.

Wengi wakiona umbo hilo husema: kumbe watu wanakufa mno, ndiyo maana juu wamebaki wachache. Kifo kimo, hatukatai. Lakini tufikiri kidogo. Mtu aliyekuwa na miaka 60 mwaka 2024 alizaliwa karibu na mwaka 1964. Hesabu ya 1959 iliikuta Uganda na watu milioni 6.5, na ile ya 1969 ikakuta milioni 9.5. Hata kama asingekufa hata mmoja wa rika lake, ngazi yao ingekuwa fupi tu, kwa sababu wazazi wa wakati ule walikuwa wachache. Mtoto wa leo amezaliwa katika nchi yenye watu zaidi ya mara nne ya hao. Kila ngazi ina mwaka wake wa kuzaliwa, na anayesoma piramidi bila kuhesabu miaka kurudi nyuma anasoma picha bila habari yake.

Tena umbo linabadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Uganda alizaa kwa wastani watoto 7. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta 5.2. Watoto wanaofariki kabla ya kutimiza miaka mitano nao wamepungua, hata mwaka huo wa 2022 walikuwa 52 katika kila 1000. Kitako bado ni kipana, lakini hakitanuki kwa kasi ya zamani. Wale waliokwisha kuzaliwa wanapanda ngazi moja kila miaka mitano, wala hakuna amri ya kuwazuia. Kwa hiyo mwajiri anaposema wataongezeka watafuta kazi, hapo amesema kweli.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Ngazi tatu za chini, yaani watoto wasiotimiza miaka 15, ni zaidi ya arobaini katika kila mia ya watu wa nchi. Watoto hao hawana mshahara. Wanakula, wanaugua, wanadaiwa karo na sare. Nani anawalipia? Ni watu wa ngazi za katikati, yaani mchuma chai, mpakia maziwa, mkata miwa. Kitako kipana ambacho getini kinasemwa kuwa ni wingi wa vibarua, nyumbani ni wingi wa sahani juu ya mshahara mmoja. Mchoro ni ule ule. Akiuleta mwajiri mezani, tumwombe asiufunge upesi.

Wataalamu wana hesabu yao ya wategemezi: huchukua watoto wa chini ya miaka 15 na wazee wa 65 na zaidi, wakawagawanya kwa watu wa 15 hadi 64. Ni hesabu nzuri kwa kulinganisha nchi na nchi. Ila inamhesabu kila mwenye miaka 30 kuwa ni mlishaji, hata kama amekaa mwaka mzima bila kazi, na kumwita bibi wa miaka 70 mtegemezi, naye ndiye alimaye shamba la ndizi linalowalisha wajukuu sita. Wala haisemi mlishaji analipwa nini. Kiwango cha chini cha mshahara cha Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na muswada wa kukibadili uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukutiwa sahihi na Rais. Hakuna ngazi ya piramidi inayoonyesha jambo hilo.

Baada ya kitako tutazame mabonde na mafundo. Piramidi isiyo na kasoro imo vitabuni tu. Ya kweli ina mahali imebonyea na mahali imefura, na kila bonde lina sababu. Vita huondoa wanaume wa miaka 20 na 30. Ukimwi, uliojulikana Rakai mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea kusini-magharibi yote, ulichukua hasa watu wa umri wa kufanya kazi, ukaacha babu na bibi juu, watoto chini, na pengo katikati. Wazee wa Mbarara hawahitaji mchoro kujua hayo.

Lakini bonde linalotuhusu sana sisi ni lile linalochimbwa na kazi. Zamani za mkoloni barabara ya vibarua kutoka Rwanda na Burundi kwenda Buganda ilipita hapa Mbarara. Watu walitembea kwa miguu majuma mengi wakafuate kahawa na pamba, wakati wengine kutoka West Nile walikuwa wakielekea kwenye miwa ya Kakira na Lugazi. Ungechora piramidi ya kijiji walikotoka, upande wa kushoto ungebonyea kati ya miaka 20 na 40. Ungechora ya kambi ya shamba, upande huo huo ungefura. Watoto walilelewa huku, jasho likatoka kule, na mwili ulipochoka ukarudishwa huku uuguzwe na waliobaki. Tajiri wa shamba hakulipia utoto wa kibarua wala uzee wake.

Msidhani hayo yamekwisha. Tazameni piramidi ya Qatar. Haifanani na kichuguu hata kidogo. Upande wa wanaume umetoka nje kama tumbo la mtungi kati ya miaka 25 na 45, hata nchi nzima ina wanaume karibu watatu kwa kila mwanamke mmoja. Wale hawakuzaliwa kule, wengi wao, wala hawatazeekea kule. Ni Wahindi, Wanepali, Wabangladeshi, Waafrika, na miongoni mwao ni vijana wetu wanaopita Entebbe na mkataba wa miaka miwili mkononi. Ukimweleza mzee wa Kakira mchoro huo atakuambia ni kambi ya miwa, ila hii ina majumba marefu.

Tukirudi karibu, tuone makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyo katika Isingiro, wilaya iliyokatwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Nakivale ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao. Mwaka 1982 Wanyarwanda wengi wa Ankole walifukuzwa majumbani mwao, wakasukumwa kuelekea mpakani na katika makazi kama haya. Baada ya Julai 1994 wengi wa wale wa kwanza walirudi Rwanda, na nafasi zao zikachukuliwa na wengine: Wanyarwanda wapya, Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Leo ni zaidi ya watu laki moja, na Kiswahili hiki tunachoandika ndicho kinachowauzia na kuwanunulia sokoni.

Piramidi ya mahali kama hapo haipandi polepole kwa kuzaliwa na kufa. Mwezi mmoja wa vita Kivu unaweza kuongeza ngazi kadhaa kwa pamoja, na ndege moja ya kuwahamishia watu nchi za mbali huondoa jamaa nzima, babu mpaka mjukuu. Kwa nchi nzima, wanawake na watoto ni kama wanne katika kila wakimbizi watano. Lakini tuulize daima ni nani aliyehesabu. Sensa ya 2024 iliandika wakimbizi kama laki saba na themanini elfu, wakati daftari la serikali na la shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilikuwa na zaidi ya milioni moja na nusu. Daftari mbili, mwaka mmoja. Mchoro unaotoka katika moja hauwezi kuwa sawa na unaotoka katika nyingine, nao uliokuja bila jina la daftari lake urudishwe kwa aliyeuleta.

Hapa Ruharo, upande huu wa mji wenye kanisa kuu na hospitali ya misheni, umbo ni jingine tena. Miji kama Mbarara hufura kiunoni. Vijana wa miaka 15 hadi 29 huja kwa shule, chuo kikuu, bodaboda, kazi za nyumbani na viwanda vya maziwa, na wazee hubaki vijijini. Mipaka nayo hudanganya. Manispaa ya Mbarara ilikuwa na watu 69,363 mwaka 2002, na mwaka 2014 ikaandikwa 195,013. Wengine walizaliwa, wengine walihamia, lakini wengine walilala vijijini mwao wakaamka mjini, kwa sababu mpaka ulisogezwa.

Sasa chorea tawi lako. Hii ndiyo kazi tunayowapa makatibu kabla ya mazungumzo yajayo. Tuseme kiwanda kina wanawake 80, na 55 kati yao wana miaka 20 hadi 29, lakini wenye miaka 30 hadi 39 ni 9 tu. Mabinti hao hawakufa. Wamekwenda wapi? Ulizeni wangapi walirudishwa kazini baada ya kujifungua, na wangapi walipata zile siku 60 za kazi za likizo ya uzazi zilizo katika sheria ya 2006. Ngazi moja iliyokatika ghafla inaweza kuwa hoja nzito kuliko hotuba ya saa nzima, kwa sababu namba zimetoka katika daftari la mwajiri mwenyewe. Au mkikuta shambani hakuna mtu wa zaidi ya miaka 50, mwulize nyapara migongo ya wazee imeishia wapi.

Mtakapoanza kuandika umri mtakutana na taabu moja. Chora mwaka mmoja mmoja badala ya mitano mitano, utaona 30, 40, 50 na 60 zimetokeza kama misumari, na 39 na 41 zimezama. Watu hawakuzaliwa hivyo. Ni kwamba asiyejua mwaka wake husema namba ya duara. Wengine hukisia kwa matukio: uhuru wa 1962, kuingia kwa Amin 1971, vita ya 1979 iliyobomoa mji huu. Miongoni mwa wakimbizi kuna wengi walioandikiwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa karani alitaka tarehe.

Kwa mtaalamu hilo ni kosa dogo, naye hulificha kwa kufunga miaka mitano pamoja. Kwa mfanyakazi ni fedha. NSSF humlipa mwanachama akifika miaka 55, na tangu sheria ya 2022 mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua sehemu. Mwezi kwa mwezi 5 katika mia hutoka kwenye mshahara wake na 10 kwa mwajiri. Kama kitambulisho cha taifa kimemwandika mdogo kwa miaka minne, atangoja miaka minne zaidi. Kwa hiyo katibu anapopita kuchukua umri kwa ajili ya mchoro, achukue pia mwaka ulio katika kitambulisho, ulio katika NSSF, na ulio katika jalada la kiwanda. Majina yenye miaka isiyolingana yaandikwe pembeni na kuletwa ofisi ya tawi mapema, mwenye jina akiwa bado kazini.