Bunduki ndogo ya kindi: kwa nini haikufika Kivu, na nini inaweza kufundisha mwindaji wa leo

BUKAVU – Katika muji huu, mutu akisema neno "bunduki", akili inakimbilia vita: 1996, 2004, 2025. Inakimbilia kalachnikov. Lakini kuko bunduki ingine, ya zamani zaidi, ambayo haikutengenezwa juu ya vita vyetu. Inajazwa baruti kupitia mudomo wa kasiba, inashindiliwa kwa fimbo, inalia mara moja tu, kisha mwenyewe anaanza kazi upya. Jirani zetu wa Tanzania wanaiita gobori. Hapa Congo, ile inayotengenezwa na wahunzi wa vijiji inajulikana sana kwa jina la pupu.

Gobori nyingi zilizopita katika mikono ya watu wa huku zilikuwa na tundu kubwa. Lakini katika inchi ingine, wawindaji walitumia gobori yenye tundu jembamba sana, juu ya munyama mumoja mudogo: kindi. Hadithi ya bunduki hiyo inatuhusu kuliko tunavyofikiri.

Hesabu ya plombi

Tangu karne ya 18, wahunzi wenye asili ya Ujerumani waliokaa Pennsylvania, Marekani, walitengeneza bunduki ndefu yenye mifereji ndani ya kasiba. Mifereji hiyo inazungusha sasi, na sasi linalozunguka linaenda moja kwa moja. Kwa wanyama wadogo walipunguza tundu hadi kalibri ya 32 ao ya 36, ni kusema milimita 8 ao 9.

Sababu ilikuwa mufuko. Plombi na baruti vilinunuliwa mbali na vilikuwa bei kali. Sasi la mviringo la kalibri ya 32 lina uzito wa karibu gramu 3. Kilo moja ya plombi inatoa masasi zaidi ya 300 ya namna hiyo. Kilo hiyohiyo inatoa karibu masasi 85 tu ya kalibri ya 50, na karibu 30 ya zile bunduki kubwa za biashara zilizoletwa Afrika. Baruti nayo ni vilevile: gramu moja hadi mbili inatosha kwa kindi.

Sababu ya pili ilikuwa nyama. Kindi mwenyewe ni kidogo. Ukimupiga kwa sasi la kuulia mbogo, unarudi nyumbani na manyoya.

Kwa nini haikufika huku

Bunduki ziliingia mashariki mwa Congo pamoja na misafara ya Zanzibar, iliyopitia Tabora na Ujiji hadi Kasongo na Nyangwe, katika Maniema. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, alieleza katika habari ya maisha yake kwamba watu walimupa jina hilo kwa kufuata mulio wa bunduki zake.

Kisha, tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 1890, mataifa yalitia sahihi mapatano ya Brussels juu ya kukomesha biashara ya watumwa. Mapatano hayo yaligusa pia silaha. Kuanzia digrii 20 kaskazini ya ikweta hadi digrii 22 kusini, eneo linalofunika Congo yote, bunduki za kisasa na zile zenye mifereji zilizuiwa kuuzwa kwa raia. Zilizoachwa katika biashara ya kawaida ni gumegume, zile za kuwashwa kwa jiwe, zenye kasiba laini ndani. Askari wa Leopold II wao walibeba Albini, yenye mifereji.

Hiyo si sababu moja tu, lakini ina uzito wake. Bunduki ya shabaha ilibaki kwa mwenye utawala, na raia aliachiwa bunduki ya kishindo. Kasiba laini haishiki shabaha mbali, kwa hiyo mwenye nayo anajifunza kujaza zaidi: baruti zaidi, vipande vya chuma zaidi, ili angalau kimoja kiguse.

Namna inavyochaguliwa na kupigwa

Anayechagua bunduki ya kindi anaangalia kwanza tundu. Kalibri ya 32 inakula kidogo kabisa, lakini uchafu wa baruti unaijaza haraka na upepo unasukuma sasi lake jepesi. Ya 36 inatumia plombi zaidi, lakini ni rahisi kujaza na kusafisha. Kisha anaangalia kama kasiba haina kutu ndani, kama mutambo unashika bila kuteleza, na kama kitako kinakaa vizuri begani.

Kujaza kuna utaratibu ambao haurukwi. Baruti inapimwa kwa kikombe kidogo. Haimwagwi kwa macho. Inatumiwa baruti nyeusi tu, kwa sababu baruti ya kartushi za kisasa inaweza kupasua kasiba. Sasi linavikwa kipande cha nguo chenye mafuta, kisha linashindiliwa kwa fimbo hadi liguse baruti. Likibaki katikati ya njia, kasiba inaweza kuvimba ao kupasuka. Ndiyo maana mwindaji anatia alama kwenye fimbo: alama ikifika kwenye mudomo wa kasiba, anajua sasi limekaa pahali pake. Fataki, kile kikofia cha shaba kinachotoa cheche, inawekwa mwisho kabisa, mudomo wa bunduki ukiwa umeelekea pahali pasipo mutu. Na kama fataki imelia lakini bunduki haijalipuka, anaendelea kuielekeza palepale, anangojea dakika nzima mbele ya kuigusa.

Kindi anapigwa kichwani, katika metre 25 hadi 40. John James Audubon, muchoraji wa ndege, aliandika kwamba alimuona Daniel Boone akipiga ganda la muti chini ya kindi, na kindi akafa kwa kishindo bila nyama kuguswa. Tuiamini ao tusiiamini, inabeba somo moja: shina la muti lilikuwa nyuma ya shabaha. Kindi anakaa juu, na sasi linaloelekezwa mbinguni bila kitu cha kulizuia linaanguka mbali. Katika vilima vya Kivu, ambako kila mugongo wa mulima una nyumba na mashamba, kule "mbali" kuko mutu. Mwindaji wa kweli anangojea kindi ajibandike kwenye shina. Asipofanya hivyo, anamuacha aende.

Jioni, kasiba inaoshwa kwa maji ya moto, inakaushwa na kupakwa mafuta. Baruti nyeusi inakula chuma kwa usiku mumoja.

Pupu si bunduki hiyo

Musomaji asichanganye. Pupu nyingi zinatengenezwa kwa bomba lililopatikana tu, kama la usukani wa gari ao la maji. Bomba hilo halikutengenezwa kubeba nguvu ya baruti. Likipasuka, linapasukia kwenye mukono na macho ya mwenye kushika.

Sheria nayo iko. Amri-sheria ya tarehe 3 mwezi wa 9 mwaka 1985 inaomba ruhusa juu ya kuwa na silaha, na sheria ya tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka 1982 inaomba kibali cha kuwinda. Katika Parke ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, hakuna ruhusa ya kuua munyama yeyote, hata kindi. Kwa Batwa, waliofukuzwa katika pori hilo, neno hili lina uchungu: walikuwa wawindaji mbele parke haijakuwa. Mwaka 2024, uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu uliotangazwa ulisema kwamba Congo ilivunja haki zao. Jibu la swali hilo linatafutwa katika haki ya udongo. Bunduki hailileti.

Kindi na mpox

Liko jambo moja ambalo wawindaji wa zamani hawakulijua. Mutu wa kwanza kujulikana kuwa na mpox alipatikana katika inchi yetu mwaka 1970, na mwaka 1985 virusi hivyo vilipatikana ndani ya kindi wa hapahapa Congo. Tangu 2023, Kamituga, katika teritware ya Mwenga, ilijulikana duniani juu ya namna mupya ya ugonjwa huo, na tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura. Mulipuko huo ulienea zaidi kati ya watu wenyewe, lakini pori linabaki mulango.

Kwa hiyo kindi aliyeokotwa amekufa, ao anayetembea kama mugonjwa, asiguswe. Anayechuna avae glovu, asichune akiwa na kidonda mukononi, aoshe mikono kwa sabuni, na nyama iive kabisa. Nyama iliyo karibu na tundu la sasi ikatwe na kutupwa, kwa sababu plombi ni sumu, zaidi sana kwa watoto.

Sisi tumezoea bunduki ya kishindo, na tumeona iliyotufanyia. Ile ndogo ya kindi ilifanya kazi kwa kupima baruti, kujua kilicho nyuma ya shabaha, na kukubali kurudi nyumbani bila kitu. Mambo hayo matatu hayaombi kununua bunduki. Hata mwenye kutega mutego nyuma ya shamba lake yanamufaa.