Je, Wajua? Protini Imejaa Kariakoo, Kasoro Iko Kwingine

Je, wajua kwamba mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 50 tu za protini kwa siku? Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa ni vizuri ajiongezee kidogo, afike karibu gramu moja kwa kila kilo, kwa kuwa protini ya mimea haisagiki tumboni kwa wepesi kama ya mnyama. Hata kiasi hicho kinapatikana kwenye magunia ya sokoni Kariakoo bila kupita buchani.

Je, wajua magunia hayo yamebeba nini? Gramu 100 za maharage makavu zina protini gramu 21 hadi 24. Choroko na kunde ni hivyo hivyo, mbaazi pungufu kidogo. Karanga zina 25. Mbegu za maboga zilizomenywa zina 30, na soya inaongoza kwa gramu 36. Tuwe wakweli lakini: hizo ni hesabu za kitu kikavu. Maharage yakichemka hunywa maji, na gramu 100 za maharage yaliyoiva zinabaki na protini gramu nane au tisa. Kwa hiyo kijiko kimoja cha maharage pembeni ya mlima wa wali hakitoshi. Mwombe mama lishe akujazie bakuli.

Je, wajua kwamba siku ya kawaida ya mtu wa Dar inaweza kukamilisha hesabu hiyo bila chakula chochote cha ajabu? Asubuhi chapati mbili na mbaazi za nazi: kama gramu 20. Mchana ugali wa dona, bakuli la maharage na mchicha: gramu 30 na ushei. Jioni karanga za kwenye kikaratasi, kiganja kimoja: gramu saba. Umeshavuka 50, na wali wa usiku bado haujapakuliwa.

Na je, wajua siku isiyokamilisha inafananaje? Mihogo ya kukaanga na chai ya rangi asubuhi, chipsi kavu na soda mchana, usiku wali na kachumbari. Hakuna nyama hapo, lakini protini nayo ni kidogo mno. Muhogo mbichi una gramu moja na nusu hivi katika kila gramu 100. Anayetegemea muhogo pekee atalazimika kula zaidi ya kilo tatu kwa siku. Wengi wanaoacha nyama wakaanza kudhoofika hukosea hapa: wameondoa kitoweo wakabaki na wanga.

Muhogo mchungu una hatari zaidi ya hiyo. Mwaka 1985 wilayani Tarime, wakati wa njaa, watu walipooza miguu ghafla kwa ugonjwa uitwao konzo. Walikuwa wamekula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, wenye sayanidi, na mlo wao ulikuwa na upungufu wa amino asidi zenye salfa ambazo mwili huzitumia kuiondoa sumu hiyo. Protini ilikuwa pia kinga yao, na hawakuwa nayo. Kisamvu nacho kina sayanidi, ndiyo maana hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Usikubali kisamvu cha haraka haraka.

Je, wajua kwa nini makande ni chakula cha akili? Mahindi yana uhaba wa amino asidi iitwayo laisini. Maharage yanayo tele, ila yana uhaba wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Mwaka 1971 mwandishi wa Marekani Frances Moore Lappé, kupitia kitabu chake, aliwafanya watu wengi waamini kwamba ni lazima vyakula hivi vichanganywe katika mlo mmoja. Miaka kumi baadaye, katika toleo jipya la kitabu hicho, aliirekebisha kauli hiyo. Ukila mahindi mchana na kunde usiku, mwili utapanga wenyewe.

Dona au sembe? Dona, bila kusita. Kukoboa mahindi huondoa kiini na ganda, na pamoja navyo sehemu kubwa ya madini chuma, zinki na vitamini za kundi B. Anayekula nyama anaweza kufidia kwingine. Wewe uliyeiacha huna anasa ya kutupa nusu ya lishe ya unga wako kwa ajili ya weupe.

Je, wajua kwamba hatua chache kutoka Kariakoo, upande wa Kisutu na Upanga, zipo familia za Wahindu na Wajaini zisizokula nyama vizazi na vizazi? Jikoni mwao utakuta dengu, choroko, adesi na mbaazi kavu zilizopasuliwa, siku moja hii, siku nyingine ile, na mara nyingi choroko hulowekwa zikaachwa zichipue. Choroko iliyochipua hupata vitamini C ambayo punje kavu karibu haina, na hupungukiwa na fitati zinazozuia madini kufyonzwa. Ni maarifa ya kuigwa. Ila wengi wa majirani zetu hawa hutumia maziwa, mtindi na samli, na maziwa hayo yana kitu ambacho nitakieleza mwishoni.

Karanga nazo zina habari yake. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza walimwaga mamilioni ya pauni huko Kongwa, Urambo na Nachingwea wakitaka mafuta ya karanga kwa ajili ya nchi yao, na mwaka 1951 mradi ukafungwa ukiwa umeshindwa vibaya. Karanga za mkulima mdogo zimeendelea kufika Dar hadi leo. Wakati wa kununua, chambua: punje iliyokunjamana, yenye ukungu au rangi iliyogeuka, weka kando, kwa kuwa huenda ina sumukuvu. Kuosha hakuiondoi, wala kuchemsha hakuimalizi. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, na anayekula mahindi na karanga kila siku ana sababu zaidi ya kuwa mkali kwa muuzaji.

Je, wajua kwamba chai unayokunywa na chakula inakunyang'anya madini chuma? Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, na tanini za chai huongeza shida hiyo. Katika majaribio, chai pamoja na mlo imepunguza ufyonzaji kwa zaidi ya nusu. Subiri saa moja. Vitamini C hufanya kinyume chake: kamulia ndimu kwenye maharage, kunywa juisi ya ubuyu, malizia kwa pera. Pera lina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C katika gramu 100, karibu mara nne ya chungwa.

Tui la nazi si mbadala wa maziwa. Ni tamu, nami sitaki mbaazi zisizo na tui, lakini lina mafuta mengi, protini kidogo na kalsiamu kiduchu. Kwa kalsiamu tafuta ufuta usiokobolewa, ambao gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 900, na ulezi wenye zaidi ya 300. Uji wa ulezi uliotiwa ufuta wa kusaga unafanya kazi kubwa. Mchicha una kalsiamu pia, lakini oksalati zake huizuia isifyonzwe vizuri.

Na chumvi? Asiyekula samaki wala maziwa hutegemea chumvi kwa madini joto karibu yote anayohitaji, mikrogramu 150 kwa siku. Soma paketi. Chumvi ya mawe na ile ya waridi inayosifiwa siku hizi huenda haina.

Sasa lile la mwisho. Je, wajua kwamba hakuna jani, mbegu wala tunda sokoni Kariakoo linaloweza kukupa vitamini B12 ya kutegemewa? Hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Mahitaji ni madogo mno, mikrogramu 2.4 kwa siku, na ini huweka akiba ya miaka kadhaa. Akiba hiyo ndiyo inayodanganya. Mtu huacha vyakula vya wanyama, hujisikia mwepesi, huwahubiria wenzake, kisha baada ya miaka huanza ganzi za vidole, kuyumba anapotembea na kusahau. Asidi ya foliki, iliyojaa kwenye mchicha na maharage, inaweza kuficha upungufu wa damu unaotokana na kukosa B12 huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Mwenye mlo mzuri wa mboga ndiye anayeweza kuchelewa kugundua. Spirulina inayouzwa kama dawa ya kila kitu haisaidii, kwa kuwa sehemu kubwa ya B12 yake ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauitumii.

Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zilivitaka viwanda vikubwa kuongeza virutubishi kwenye unga, B12 ikiwemo, lakini mashine ndogo za kusaga mitaani kwa kawaida haziongezi, na unga wenye virutubishi ukila mara moja moja haukupi uhakika. Tembe za B12 zinapatikana katika maduka ya dawa. Kama umeacha kabisa vyakula vya wanyama, zitumie, tena zianze kabla ya dalili. Na kama una mimba au unanyonyesha, usisubiri hata wiki: mtoto hupata B12 yake kwako, na upungufu unaweza kumdumaza ubongo kabla hajajifunza kukaa. Mwambie mhudumu wa kliniki, siku ya kwanza, kwamba huli nyama, samaki, mayai wala maziwa.