Kitovu cha mtoto: funzo kutoka visiwa vya St Kilda

Katika visiwa vya St Kilda, huko Scotland, watu waliishi kwa nyama na mayai ya ndege wa baharini. Lakini karne ya 19 vichanga wao wengi walikufa kwa pepopunda, mara nyingi kabla ya wiki mbili. Vijidudu vyake huingia kupitia kidonda cha kitovu.

Mchungaji Angus Fiddes alijifunza ukunga safi, na miaka ya 1890 vifo hivyo vikakoma. Hata hivyo baadaye watu walipungua. Mwaka 1930 wakazi 36 wa mwisho walihamishwa kwa ombi lao.

Wazazi, mjamzito apate chanjo ya pepopunda. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya, na kisipakwe majivu wala dawa za kienyeji.