Kiporo, Mlango na Muda: Maneno ya Kufundishia Usimamizi wa Shughuli

Katika vyuo vya biashara, wanafunzi wa uzamili hufundishwa somo moja linalohusu jinsi kazi inavyopita kutoka hatua hadi hatua: jinsi mgonjwa anavyofika kwa daktari, shati linavyotoka kwa mkataji hadi kwa mtia vifungo, na mzigo unavyotoka kiwandani hadi dukani. Istilahi zake za msingi ni chache, na karibu zote ni maneno ya kila siku. Somo la uhasibu humlaki mwanafunzi kwa msamiati asioujua, naye hujua kwamba hajui. Hili humlaki kwa foleni, akiba, kungoja na kuchelewa. Kila moja la maneno hayo lina fikira yake ya zamani kichwani mwa msikilizaji, na mara nyingi fikira hiyo hupingana na ile inayofundishwa.

Nchini Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini madarasa ya biashara vyuoni huendeshwa kwa Kiingereza, ilhali ghalani, karakanani na katika ukumbi wa kungojea wa hospitali mazungumzo ya kazi aghalabu huwa kwa Kiswahili. Meneja aliyefuzu hulazimika kuwa mkalimani wa elimu yake mwenyewe, papo kwa papo, bila ya kamusi. Akikosea neno, watu wake hutenda kwa kulifuata neno walilolisikia, wala si maana aliyoikusudia.

Taabu huanzia kwenye jina lenyewe. Zamani somo hili lilihusu viwanda, na Kiingereza kililiita usimamizi wa uzalishaji. Katika miaka ya 1970 walimu wa Marekani walilipanua ili lihusu pia hospitali, benki na mikahawa. Mwaka 1978 Sasser, Olsen na Wyckoff walitoa kitabu kizima juu ya usimamizi wa huduma. Kwa hiyo neno uzalishaji halitoshi tena, na katika Kiswahili huchekesha, maana hospitalini anayezalisha ni mkunga. Neno operesheni nalo limekwisha kuchukuliwa: kwa mgonjwa ni kupasuliwa, kwa mwananchi ni msako wa polisi, na kwa Mtanzania wa makamo ni Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Limebaki neno shughuli. Wapo watakaolipinga kwa kuwa katika Pwani shughuli ni karamu ya arusi au hitima. Pingamizi hilo halina nguvu, kwani mama aliyewahi kulisha wageni 300 kwa sufuria sita na mafiga machache amelijua somo hili kuliko wengi walioandika vitabu vyake.

Kifaa cha kufundishia kilicho mashuhuri kupita vyote ni mchezo ulioanzia katika chuo cha MIT kwa Jay Forrester na wenzake, unaojulikana kama Mchezo wa Bia. Wachezaji wanne hushika nafasi nne: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji na kiwanda. Kila mmoja huanza na kreti 12 ghalani. Kila wiki ya mchezo hupokea oda kutoka kwa aliye mbele yake, hutoa mzigo, na kuagiza kwa aliye nyuma yake. Hawaruhusiwi kusemezana, karatasi ya oda ndiyo kauli pekee. Oda huchukua muda kumfikia mwenzake, na mzigo huchukua muda kurudi. Kila kreti iliyolala ghalani hutozwa nusu dola kwa wiki, na kila kreti iliyoagizwa ikakosekana hutozwa dola nzima. Wanunuzi hutaka kreti 4 kwa wiki. Kuanzia wiki ya tano hutaka 8, na idadi hiyo haibadiliki tena mpaka mwisho.

Badiliko hilo dogo hutosha kuvuruga kila kitu. Muuza rejareja akiona ghala linakauka huagiza zaidi. Mzigo usipofika upesi huongeza tena. Wa nyuma yake hufanya vivyo hivyo kwa kipimo kikubwa zaidi, hata kiwanda hupokea oda za kutisha. Kisha mizigo yote hufika kwa mpigo, na oda hukatika kabisa. John Sterman, katika makala yake ya mwaka 1989, alionyesha kwamba gharama ya vikundi vilivyocheza ilikuwa kwa wastani takriban mara kumi ya ile iliyowezekana. La ajabu zaidi ni kwamba wachezaji wakiombwa kuchora jinsi wanavyodhani wanunuzi walivyoagiza, wengi huchora mawimbi makubwa ya kupanda na kushuka. Mtu huona tufani aliyoizusha yeye na wenzake, akaiweka mlangoni kwa mnunuzi.

Hapa mwalimu wa Kiswahili ana la kumwambia mwalimu wa biashara. Msikilize mchezaji anayelalamika: mzigo wangu umecheleweshwa. Kiambishi cha kusababisha kikifuatwa na kile cha kutendwa hudai jibu la swali moja tu, nalo ni "na nani?" Sarufi imekwisha kumtafuta mkosaji kabla ya akili kuanza kufikiri. Akisema umechelewa, mkosaji ameondoka, lakini bado ipo saa iliyowekwa ikapita. Lakini katika mchezo ule hakuna ahadi iliyovunjwa: mzigo huchukua wiki zake kwa sababu njia ndivyo ilivyo. Kiswahili kina kitenzi chake kwa hali hiyo, nacho ni kukawia. Wazee walisema kawia ufike, wala hawakusema chelewa ufike. Darasa likizoeshwa kuuliza "kazi inakawia wapi?" mahali pa "nani amechelewesha?" nusu ya somo imekwisha kueleweka.

Kreti zilizoagizwa zikakosekana zinahitaji jina pia. Watafsiri wengi huandika malimbikizo, neno zuri kwa mshahara na kodi, lakini halisemi kwamba kitu hicho kilipaswa kumalizwa jana. Waandishi wa michezo wa Tanzania wameshalipata lililo bora: mechi iliyoahirishwa huiita kiporo. Chakula cha jana huliwa kabla hakijachacha, na oda ya jana hali yake ni hiyo hiyo.

Istilahi iliyo ngumu kupita zote ni ile ya hatua iliyo nzito kuliko wenzake. Tuseme katika karakana ya mashati mkataji huweza mashati 60 kwa saa, mshonaji 40, na mtia vifungo 50. Karakana nzima itatoa 40, na mwenye mali akimnunulia mkataji mashine mpya atapata rundo la vitambaa tu. Kiingereza huifananisha hatua hiyo na shingo ya chupa, na tafsiri ya neno kwa neno imekwisha kuanza kusikika. Haina madhara makubwa ila kwamba haimwambii kitu asiyejua Kiingereza. Lenye madhara ni neno kikwazo, ambalo wengi hulikimbilia. Kikwazo ni jiwe njiani: dawa yake ni kuliondoa. Mshonaji haondolewi, hupunguziwa kazi zisizo zake, hulindwa asikose kitambaa, na wengine wote huenda kwa mwendo wake. Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli, aliliona jambo hili likawa gumu kueleweka kwa hesabu, akaliandika kwa njia ya riwaya, The Goal, iliyotoka mwaka 1984. Ndani yake mvulana mnene mwenye mzigo mzito huamua mwendo wa kundi zima la maskauti. Mabaharia wa Pwani wana neno linalofaa: mlango, yaani nafasi katika mwamba ambamo vyombo hupita kimoja kimoja. Hakuna nahodha anayetaka kuuondoa mlango, hutaka kuujua. Mtu akisema "mlango wetu ni kwa mshonaji," hajamtukana mshonaji.

Kutoka Ujapani somo limepata maneno ambayo Wamarekani hawakuyatafsiri, baada ya kuzisoma mbinu za kiwanda cha Toyota alizoziasisi Taiichi Ohno. Moja la hayo ni muda. Kwa Kijapani lina maana ya upotevu, kitu kisicho na faida. Kwa Kiswahili, kutokana na Kiarabu, ni kipindi cha wakati. Mwanafunzi wa Kenya akiambiwa kwamba kazi yake ni kuondoa muda hufurahi kwa kudhani ameelewa, akaenda kuwahimiza watu wafanye haraka. Katika aina saba za upotevu alizozitaja Ohno, kungoja ni moja tu. Nyingine ni kutengeneza kupita haja, kusafirisha bure, kuchakata kupita kiasi, kuweka akiba, mwendo usio na kazi, na kasoro. Kufanya haraka pasipo haja huizidisha ile ya kwanza kutajwa baada ya kungoja, ambayo Ohno aliiona kuwa mbaya kuliko zote.

Na katika orodha hiyo limo neno akiba, jina ambalo Waswahili hawajalisikia likilaumiwa. Akiba haiozi, husema methali. Mwalimu hawezi kuishinda methali hiyo kwa kuikanusha. Afadhali atenge maneno mawili: akiba iwe ile iliyowekwa kwa kusudi na kwa kiasi kinachojulikana, kama kitambaa kinachomngoja mshonaji ili asikae bure, na rundo liwe lile lililokusanyika kwa sababu mkataji hakuambiwa asimame.