Baisikeli Mbele ya Duka: Namna ya Kuiweka na Kuilinda

Baisikeli hununuliwa kwa akiba ya miezi mingi, lakini yaweza kupotea katika dakika chache ambazo mwenyewe anapimiwa sukari. Katika miji na vituo vya biashara vya Kenya, hasa sehemu za nchi tambarare kama vile Kisumu, Busia, Mumias na Malindi, watu wengi hufika madukani kwa baisikeli. Wengine huziegemeza ukutani na kuingia ndani bila kutazama nyuma. Watokapo, ama huikuta imeanguka na taa imevunjika, ama hawaikuti kabisa.

Hasara hiyo si ya chuma na mpira tu. Kwa mkulima, baisikeli ndiyo ipelekayo maziwa kwenye kituo cha kukusanyia na mahindi kwenye mashine ya kusaga. Kwa fundi au karani wa mjini, ndiyo imwokoayo na nauli ya kila siku. Kwa vijana wengine ni kazi yenyewe. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ndiko ilikoanza katika miaka ya 1960 kazi ya kuwavusha abiria kwa baisikeli kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, na jina la bodaboda, ambalo sasa limeshikwa zaidi na pikipiki, lilitoka huko. Kwa hiyo yafaa kila mwenye baisikeli ajue namna ya kuiweka anapokwenda kununua vitu, na kila mwenye duka ajue namna ya kumsaidia.

KUISIMAMISHA ISIANGUKE

Baisikeli nyeusi ya mizigo, ambayo watu wa Kenya huiita Black Mamba, ina uzito wa kilo 20 hivi kabla haijapakiwa kitu. Ikianguka huweza kupinda pedeli na usukani, au kumwumiza mtoto aliyesimama karibu. Baisikeli za namna hii kwa kawaida huwa na stendi ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma. Stendi hiyo ni imara mahali palipo sawa. Mahali penye mteremko, baisikeli ielekezwe juu, maana ikielekezwa chini huweza kujisukuma mbele, stendi ikakunjika, na chombo kikaanguka.

Baisikeli yenye stendi ya mguu mmoja huinama upande mmoja, na uzito wote hukaa juu ya ncha ndogo ya chuma. Wakati wa mvua ncha hiyo huzama katika udongo laini. Jiwe bapa au kipande cha ubao kikiwekwa chini yake huizuia kuzama.

Asiye na stendi huiegemeza baisikeli ukutani. Magurudumu yakae mbali kidogo na ukuta, ili usukani na tandiko vyote viwili viguse ukuta. Baisikeli iliyosimamishwa wima mno huangushwa hata na upepo. Isiegemezwe kwenye kioo cha dirisha, wala kwenye bomba la maji, wala juu ya baisikeli ya mtu mwingine. Zikipandiana hivyo, ya kwanza ikitolewa zote huanguka, na spoki za moja hunaswa na pedeli za nyingine.

NJIA YA WATU NI YA WATU

Baisikeli ya kawaida ina urefu wa karibu mita 1.8, na usukani wake una upana wa sentimita 60 hivi. Ikiwekwa kukingama barazani, huziba njia yote. Ikiwekwa sambamba na ukuta, huchukua nafasi ndogo, na watu hupita. Tofauti hii yaonekana ndogo kwa kijana mwenye macho mazuri na miguu mepesi. Si ndogo kwa kipofu anayeifuata njia kwa fimbo yake, wala kwa mama aliyejitwika kikapu kichwani na kubeba mtoto mgongoni, wala kwa mtu atembeaye kwa kiti cha magurudumu. Hao wote wakikuta baraza imezibwa hulazimika kushuka barabarani penye magari.

Mlango wa duka usizibwe kamwe, kwa sababu moto ukitokea ndani watu watatoka kwa kukimbia. Hali kadhalika, baisikeli isiwekwe nyuma ya lori linaloshusha bidhaa, wala nyuma ya matatu. Dereva anaporudi kinyumenyume hawezi kuona kitu kidogo kilicho karibu na gari lake, na baisikeli iliyokanyagwa na lori haitengenezeki tena.

KUFULI NA MNYORORO

Makufuli ya baisikeli ni ya namna mbalimbali, na kila moja lina kazi yake. Kufuli la duara lililofungwa juu ya gurudumu la nyuma humzuia mwizi asiipande baisikeli na kukimbia nayo. Lafaa kwa muda mfupi, mwenyewe akiwa anaiona. Lakini haliizuii baisikeli kubebwa. Watu wawili wenye gari waweza kuiinua na kwenda zao.

Kwa hiyo atakayeingia duka kubwa, mahali ambapo hataiona baisikeli yake, anahitaji mnyororo mnene wenye kufuli zuri, au kufuli la chuma kilichopindwa mfano wa kiatu cha farasi. Kufuli hilo lishike mambo matatu kwa pamoja: fremu, gurudumu moja, na kitu kisichoondoleka. Wengi hufanya kosa la kufunga gurudumu la mbele peke yake. Gurudumu la mbele hushikwa na nati mbili tu. Mwizi mwenye spana huzifungua upesi, akaichukua baisikeli na kuliacha gurudumu pale kwenye mnyororo.

Kitu kinachofungiwa nacho kitazamwe vizuri. Nguzo fupi isiyo na kitu juu yake haifai, maana mnyororo waweza kupandishwa ukatolewa kwa juu. Nguzo isiyochimbiwa imara hung'olewa. Mti mchanga hukatwa kwa panga, tena mnyororo huuchubua gome. Chuma cha dirisha, au bomba lililojengewa kwa saruji, ndicho kizuri zaidi, mwenye duka akiwa amekubali.

Mnyororo usiachwe ukilala chini. Ukilala juu ya saruji, saruji hiyo humsaidia mwizi kama fuawe la mhunzi, naye huupiga kwa nyundo. Mnyororo uliokazwa juu, usio na nafasi ya kupenyezea chuma, humpa kazi ngumu. Tundu la ufunguo lielekee chini, ili mvua na vumbi visiingie. Waliokuja wawili na waifunge baisikeli moja kwa nyingine pamoja na nguzo.

Pampu, taa ya kutolewa na mfuko wa spana havifungwi na mnyororo. Mwenyewe avichukue mkononi. Katika maduka ambayo mnunuzi hujichagulia bidhaa, ni vyema kumwonyesha bawabu vitu hivyo wakati wa kuingia, ili pasiwe na shaka wakati wa kutoka.

MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Methali hii ya wafanyi biashara yawahusu pia wenye baisikeli. Baisikeli nyingi za kiwanda kimoja zafanana kama mayai, na mtu akisema kwamba yake ilikuwa nyeusi yenye keria, hajasema neno la kumsaidia askari. Lakini baisikeli nyingi zina nambari iliyopigwa katika chuma cha fremu. Mara nyingi nambari hiyo iko chini, pale unapopita mhimili wa pedeli. Katika nyingine iko karibu na tandiko. Baisikeli ipinduliwe, tope lipanguswe, na nambari iandikwe katika daftari inayowekwa nyumbani pamoja na stakabadhi ya kununulia. Picha ya baisikeli, na ya nambari yenyewe, ni msaada zaidi.

Wako pia wanaoandika jina lao katika kipande cha karatasi, wakakikunja na kukitia ndani ya bomba la tandiko. Mwizi aweza kupaka rangi mpya, lakini si rahisi akumbuke kutazama humo.

Baisikeli ikiibwa, mwenyewe aende upesi kituo cha polisi kilicho karibu akiwa na nambari hiyo. Habari yake itaandikwa katika kitabu cha matukio, naye apokee nambari ya taarifa na kuihifadhi. Awape habari pia mafundi wa baisikeli wa mji ule, kwa kuwa chombo kilichoibwa huenda kikapelekwa kwao kubadilishwa magurudumu au kupakwa rangi.

ANAYENUNUA BAISIKELI YA WIZI

Wezi wa baisikeli huendelea na kazi yao kwa sababu wako wanaonunua. Mtu huletewa baisikeli nzuri jioni, kwa bei ya nusu au chini ya hapo, bila stakabadhi, naye huona amepata bahati. Sheria haioni hivyo. Chini ya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, mwizi ambaye wizi wake haukuwekewa adhabu nyingine maalumu aweza kufungwa miaka isiyozidi 3, kwa kifungu cha 275. Lakini mtu apokeaye mali ya wizi kwa hila, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, aweza kufungwa miaka isiyozidi 14, kwa kifungu cha 322. Basi mnunuzi aliyefumba macho yuko katika hatari kubwa kuliko mwizi mwenyewe. Anayenunua baisikeli kuukuu na adai stakabadhi, alinganishe nambari, na aandikiane na muuzaji mbele ya shahidi.

KUACHA NA KUKABIDHI

Mabishano mengi kati ya wanunuzi na wenye maduka hutokea kwa sababu neno moja halikusemwa mapema. Mtu anayeiegemeza baisikeli ukutani na kuingia ndani kimya ameiacha tu, hakumkabidhi mtu. Mwenye duka hakuiona, wala hakukubali kuilinda. Ni jambo jingine mtu anaposema, "Mzee, naomba kukuwekea baisikeli hii mpaka nitoke sokoni," na mwenye duka akajibu, "Haya, ilete huku ndani." Hapo mwenye duka amepokea amana, na amana yataka kutunzwa.

Ndivyo ilivyo pia mahali ambapo bawabu hupokea baisikeli na kutoa kibati chenye nambari. Mwenye baisikeli asome lililoandikwa katika kibati au ukutani, maana maduka mengine hutangaza kwamba hayatachukua dhamana ya kitu kilichopotea. Kibati kisiachwe katika keria wala kupewa mtoto, kwa sababu yeyote atakayekileta huweza kupewa baisikeli.

Kuingiza baisikeli ndani ya duka bila ruhusa si vyema. Magurudumu huleta tope, na usukani huangusha bidhaa. Lakini duka likiwa na nafasi, na mwenyewe akiwa radhi, hapana ulinzi ulio bora kuliko huo.

FAIDA KWA MWENYE DUKA

Mnunuzi mwenye wasiwasi juu ya baisikeli yake hununua upesi na kuondoka. Mwenye moyo uliotulia huangalia vitu vingine. Kwa hiyo mahali pazuri pa baisikeli ni faida kwa biashara, na gharama yake si kubwa. Nafasi inayochukuliwa na motokaa moja yaweza kutosha baisikeli 10 hivi.

Vyuma vilivyo vizuri ni mabomba yaliyopindwa kama mlango mdogo, yenye kimo cha sentimita 75 hivi, miguu yake miwili ikiwa imejengewa kwa saruji. Kila kimoja hutosha baisikeli mbili, moja kila upande, na kutoka kimoja hadi kingine paachwe mita 1. Fremu na gurudumu huweza kufungwa pamoja hapo. Vile vyuma vya kuchomeka gurudumu la mbele peke yake havifai sana, kwa kuwa baisikeli ikisukumwa huinama na rimu hupinda. Vyuma viwe mahali panapoonekana kutoka kaunta au mlangoni kwa bawabu, si nyuma ya jengo ambapo mwizi hufanya kazi kwa nafasi yake. Katika mji wa Utrecht, Uholanzi, mwaka wa 2019 ilikamilishwa nyumba ya kuwekea baisikeli 12,500 karibu na stesheni ya gari la moshi. Kituo cha biashara cha mashambani hakihitaji jengo kama hilo. Mabomba matano yatatosha baisikeli 10.

KABLA YA KUONDOKA

Vitu vilivyonunuliwa vifungwe katika keria, vizito chini na katikati, kwa kamba au kwa ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu. Mafuta ya taa yasipakiwe pamoja na unga. Mfuko usitundikwe kwenye usukani, maana huyumba, na ukiingia katika spoki za gurudumu la mbele humtupa mpandaji chini. Mzigo mzito upakiwe mtu wa pili akiwa ameishika baisikeli, kwa sababu stendi huweza kuteleza.

Mwisho, mwenyewe aizunguke baisikeli yake kabla hajaipanda. Abonyeze matairi, avute breki zote mbili, ajaribu nati za magurudumu, na atazame kama kamba ya mzigo haigusi spoki. Baisikeli iliyokaa saa nzima kati ya watu huenda imechezewa na watoto au imejaribiwa na mwizi aliyeshindwa, na nati iliyolegezwa ni heri igunduliwe mbele ya duka kuliko katikati ya mteremko.