Pikipiki ya Marehemu na Fungu la Kila Mmoja



Eda ya shemeji yangu ilipokwisha, aliniita nyumbani kwake, Mji wa Kale, Mombasa. Nilimkuta ameketi na binti zake wawili, na mbele yao, juu ya mkeka, pamewekwa kiti cha pikipiki, kile kirefu cha watu wawili.

“Sheikh,” akaniambia, “mwanao amekifungua. Juu ya kiti hiki ndugu yako alinipeleka hospitali kuwazaa hawa. Sasa asema hakitakikani.”

Uani, kijana wa miaka 22 alikuwa ameitandaza Suzuki A100 ya babake vipande vipande. Alitaka kuigeuza pikipiki ya mbio, ya mtindo wa kale. “Ami,” alisema, “nikiiacha hivi itaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nataka iishi.”

Niliketi nikamsikiliza, kwani si vyema kuhukumu kazi usiyoijua.

Injini ya A100 ni ya silinda moja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 98, nayo ni ya mipigo miwili. Injini za bodaboda za leo, nyingi ni za mipigo minne: pistoni hupanda na kushuka mara mbili ndipo moto uwake mara moja. Hii huwaka kila pistoni inapofika juu. Wavuvi wetu waijua vyema, kwa kuwa mashine nyingi za boti ni za namna hii, na ndiyo sababu huchanganya oili na petroli.

Kuifanya ya mbio huanza kwa kupunguza. Hutoka taa, vioo, honi, stendi na kile kiti. Huingia kiti kifupi cha mtu mmoja, mikono ya usukani hushushwa, na vikanyagio hurudishwa nyuma ili mpandaji alale juu ya tangi na upepo umpite. Nikawakumbuka farasi wa Madina. Walilishwa hadi wakapata nguvu, kisha chakula kikapunguzwa kidogo kidogo hadi miili ikawa myepesi. Mtume (SAW) aliwashindanisha waliotayarishwa hivyo kutoka Hafya hadi Thaniyatul Wadaa. Wasiotayarishwa aliwapangia masafa mafupi, hadi msikiti wa Bani Zurayq. Kila mmoja alipimwa kwa maandalizi yake.

Baada ya kupunguza huja bomba la moshi, nalo ndilo siri ya kasi. Bomba la mbio lina tumbo: hupanuka, kisha husinyaa. Moshi utokapo kwa kishindo, sehemu inayopanuka huuvuta utoke upesi. Sehemu inayosinyaa hurudisha wimbi nyuma, nalo husukuma ndani ya silinda petroli ambayo ingepotea pamoja na moshi. Kijana wetu ni mchomeleaji, akalikata na kuliunga bomba hilo kwa mikono yake.

Aliyeikuza elimu hiyo ni Walter Kaaden, mhandisi wa kampuni ya MZ mjini Zschopau, Ujerumani Mashariki. Aliunganisha bomba la namna hii na kisahani kinachozunguka ili kufungua na kufunga njia ya hewa. Kufikia 1961 injini yake ya ujazo wa 125 ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 25. Mwaka huohuo mpandaji wake, Ernst Degner, alipokuwa akiwania ubingwa wa dunia, alitoroka wakati wa mashindano ya Uswidi. Alijiunga na Suzuki ya Japani, akaenda na elimu ya Kaaden, na 1962 akawa bingwa wa dunia wa pikipiki za ujazo wa 50. A100 ya ndugu yangu nayo yavuta hewa kwa kisahani cha namna hiyo.

Wapo wamwonao Degner kuwa mtu aliyetafuta uhuru wake, nami sikatai. Lakini nilimuuliza kijana: “Na Kaaden aliulizwa?” Akanyamaza. Nikamwambia, “Basi na dada zako hawakuulizwa.”

Hapa, wasomaji wangu, ndipo penye jambo. Mtu akifa, chombo chake si cha yule akijuaye zaidi. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, ni cha warithi wote. Mafundi wawili waliikadiria pikipiki ile kama ilivyokuwa kabla ya kufunguliwa, nasi tukaigawa thamani hiyo mafungu 32: mke 4, ndiyo thumni yake, mwana 14, kila binti 7. Mimi ami sina changu.

Binti mkubwa alisema anataka haki yake. Kijana akanuna, na jamaa mmoja akamhimiza binti asamehe, eti ni ndugu yake. Nilikataa. Mara ngapi mabinti zetu husema “nimesamehe” kwa kuona haya mbele ya wazee, na moyoni hawajasamehe? Msamaha wa haya si msamaha. Na mdogo, ambaye hajabaleghe, fungu lake hapana awezaye kulisamehe, hata mamake, ni amana. Kijana akalipa yote mawili kwa muda wa miezi sita, kutokana na kibarua chake.

Mama alimpa thumni yake kama zawadi, akamsihi mambo matatu. Kwanza, asishindane barabarani, penye watoto wa watu, bali katika uwanja uliofungwa, wenye wasimamizi na daktari. Pili, pasiwe na kamari. Tatu, kiti na bomba la zamani vibaki ndani ya nyumba.

Kijana amejifunza subira. Kabureta ikitoa petroli haba, pistoni hupata joto, huvimba, ikakamata silindani, na gurudumu la nyuma likajifunga ghafla. Kwa hiyo huisoma plagi: nyeupe ni njaa, nyeusi ni shibe iliyozidi, hudhurungi ndiyo wastani. Boliti ya oili ameifunga kwa waya isije ikalegea, oili ikamwagika njiani na kuwaangusha wenzake. Breki amezitia viatu vipya, na kila kebo ameibadilisha.

Haijakimbia mbio hata moja, yangoja uwanja. Ila mwezi uliopita aliiwasha uani. Moshi wa buluu ukatanda, mdogo akaziba pua kwa mtandio, na sauti ikatoka kali, nyembamba, tofauti kabisa na ile tuliyoizoea. Shemeji yangu alikuwa dirishani. Kwa miaka mingi sauti ya pikipiki ile ndiyo iliyomjulisha kwamba mumewe amefika mwanzo wa mtaa.

Alisikiliza hadi injini ikazimwa. “Si yeye tena,” alisema. Kisha akainama dirishani, akamwita mwanawe: “Na breki je, zashika?”

Wabillahi tawfiki.