Mzee Asiyesikia Hakupotewa na Akili

Yako maradhi ambayo watu wameyazoea hata hawayahesabu kuwa maradhi. Mojawapo ni uziwi wa wazee. Huko Tarime na Serengeti, kama kwingineko nchini, mzee akiulizwa hili akajibu lile, vijana hucheka na kusema akili yake imechakaa. Sisi twaona kwamba mara nyingi akili ni nzima; kilichochoka ni sikio.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana uziwi wa kiasi cha kuwatatiza katika maisha yao. Wala si umri peke yake unaouleta. Makelele ya mashine, usaha wa sikio ulioachwa tangu utotoni, na baadhi ya dawa kali pia huharibu masikio. Tena wako wazee walioziba masikio kwa nta tu! Hao mhudumu aliyefunzwa huweza kuwaondolea shida yao siku ile ile.

Hasara yake si ndogo. Wakurya wana baraza la wazee, inchama, na kazi ya baraza ni kusikiliza kabla ya kukata shauri. Mzee asiyesikia huketi humo kama mgeni, kisha haji tena. Nyumbani nako hunyamaza. Wataalamu wameutaja uziwi usiotunzwa kuwa miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kupotewa na kumbukumbu. Basi dhihaka ya leo yaweza kuwa kweli kesho.

Wazee wengi wa wilaya hizi hutunzwa na jamaa zao. Wasio na jamaa hupokewa katika makazi ya wazee, kama yale ya Nyabange, katika Mkoa huu huu wa Mara. Wote hao yafaa wapimwe masikio kila mwaka. Kazi ya kwanza haihitaji makuu: mganga wa zahanati achungulie sikio kwa taa yake, kisha amnong'oneze mzee maneno machache kwa nyuma aone kama atayarudia. Atakayeshindwa apelekwe mbele. Lakini safari ya kwenda Bugando, Mwanza, ni ndefu kwa mkongwe. Afadhali mtaalamu azuru Tarime na Mugumu kwa siku zilizotangazwa. Na chombo cha kusaidia kusikia kisitolewe pasipo betri na mtu wa kukirekebisha, kisije kikaishia sandukuni.

Wakati hayo yakingojewa, kila mmoja wetu ana lake la kufanya. Tumkabili mzee uso kwa uso, tuseme polepole, wala tusimpigie kelele. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini mzee atalitengenezaje neno asilolisikia?